Mbwa Aliyemng'ata Mama Rehema

Nilipoajiriwa kazi ya mbwa nilikuwa naogopa mbwa. Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana huko mbele nitataka mnisikilize.

Nilikuwa mama kijana hapa Mwankoko, Singida, mtoto wangu wa kwanza ndio kwanza ameanza kutembea, nikasikia kampuni moja ya ulinzi kule Utemini inatafuta mpishi. Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda. Wakaniuliza kama naweza kusonga ugali wa watu wengi. Nikawajibu naweza hata wa msiba. Wakanipokea. Kesho yake nikaonyeshwa jiko la kuni, sufuria kubwa, gunia la dona, ndoo ya utumbo na furushi la dagaa. Nikapika kwa moyo wangu wote. Nikapakua, nikapanga sahani kwenye benchi, nikauliza askari wanakula saa ngapi.

Mzee Jumanne, mkuu wa mabanda, alizitazama zile sahani, akacheka mpaka akaushika ukuta.

"Mama Paskalina," akasema, "wateja wako wako kule nyuma."

Na kule nyuma, kama waliosikia wanatajwa, wakaanza kubweka.

Nilitaka kukimbia. Aliyenizuia ni huyo Mzee Jumanne, maana hakuniambia nisiogope. Alisema, "Ogopa, lakini ogopa ukiwa umesimama." Alikuwa mtu wa Ikungi, Mwislamu wa swala zote. Kanzu yake aliiacha kwenye chumba cha getini, anavaa ovaroli, na akimaliza kazi ananawa kwa maji na udongo kama dini yake ilivyomfundisha, ndipo anakwenda msikitini. Watu walipomuuliza anawezaje kufanya kazi ile, aliwajibu taratibu kwamba mbwa wa ulinzi ana kazi yake duniani, na maji hayajaisha. Nimefanya kazi naye mpaka alipostaafu, na baada yake nikakaa mimi kwenye kiti chake. Mengi nitakayowaambia ni ya kwake.

Ninyi vijana mkija kwangu mnaniuliza, "Bibi, mbwa gani mkali kuliko wote?" Mnanionyesha picha kwenye simu: rotiwaila, shepadi, na yule wa Afrika Kusini mwenye kichwa kama ndoo, ambaye kwa Kizungu huandikwa kwa namna ya kuchosha na sisi tulimwita boboli tu. Basi nitawasimulia habari za boboli mmoja, na nikimaliza mtaona wenyewe kama swali lenu ndilo la kuuliza.

Pale Utemini alikuwepo mfanyabiashara, Bwana Athumani, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Msimu wa mavuno magunia yalijaa mpaka nje, na wezi wakamzoea. Akaagiza boboli dume, akaletwa kwa lori akiwa mdogo sana, bado ananuka maziwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mtoto wa mbwa mkubwa hatakiwi kuachana na mama yake kabla hajatimiza miezi miwili. Kwa mama na ndugu zake anajifunza kitu ambacho wewe binadamu huwezi kumfundisha: kwamba ukiuma sana, mwenzako analia na mchezo unaisha. Aliyeondolewa mapema hajui meno yake yana nguvu kiasi gani.

Bwana Athumani akamwita Hukumu. Akamvalisha kola ya ngozi, akamfunga mnyororo karibu na mashine, akakataza mtu yeyote asimshike, ili awe mkali. Chakula chake kilikuwa ugali mtupu, na siku nyingine mashudu ya alizeti, kwa kuwa yalikuwepo hapo hapo. Kivuli chake kilikuwa cha bati, ambalo jua la mchana likiliwasha unaweza kuchoma mihogo chini yake. Mbwa akakua. Akawa mkubwa kiasi kwamba wateja walipitia mlango wa nyuma. Bwana Athumani akafurahi, akasema sasa amepata mlinzi.

Mama Rehema, mkewe, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Mama mpole, mwenye sauti ya chini. Siku moja asubuhi aliinama kuweka sahani, akamgusa shingoni, na Hukumu akamng'ata mkono.

Nataka mshike hili kuliko mengine yote. Mtu aking'atwa na mbwa, hata na mbwa wake mwenyewe, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu, kama unavyofua shuka lenye doa. Halafu hospitali, siku ile ile. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa, usingoje kuona kama litavimba. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna tena la kufanya. Mama Rehema alikuwa anajua. Aliosha, akaenda, akaanza sindano zake, na mbwa akatengwa ili aangaliwe kama ana ugonjwa. Hakuwa nao.

Lakini Bwana Athumani alikuwa ameshaamua. Mbwa apigwe risasi. Alishamtafuta mtu wa kuja na bunduki.

Tulikuwa tunaosha mabanda, mimi na Mzee Jumanne, tulipomwona Mama Rehema anaingia getini, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Akatuamkia, akamwamkia mzee shikamoo, akasimama. Tulidhani amekuja kushtaki mbwa.

"Mzee wangu," akasema, "nimekuja kumwombea yule mbwa."

Mzee Jumanne akaacha fagio. "Huyo aliyekung'ata?"

"Huyo huyo. Niliyeng'atwa ni mimi, kwa hiyo naona nina haki ya kusema. Yule mbwa ana kitu shingoni. Nilitaka kumlegezea kola, nikagusa kitu kilicholowa, ndipo akanigeukia. Aliponiachia alirudi nyuma akalala chini akijikunyata. Mbwa mbaya anafanya hivyo?"

Mzee alikwenda kubadilisha ovaroli iliyolowa, akaniambia, "Mama Paskalina, lete kamba ndefu na dagaa."

Tulipofika mashineni Bwana Athumani hakutukaribisha vizuri. "Mnamtetea mnyama aliyemharibu mke wangu?"

"Hatumtetei," Mzee Jumanne akasema. "Tunaomba kumwona shingo tu."

Tulimwona kwa mbali, jua likiwa limempiga upande, na hata kwa mbali ilionekana. Ile kola aliyovalishwa akiwa mdogo haikuwahi kubadilishwa. Mbwa alikuwa amekua, kola haikukua. Ilikuwa imezama ndani ya nyama, ngozi imeifunika kwa juu, na usaha unatoka pembeni. Kila alipotingisha kichwa ilimkata. Bwana Athumani alisogea, akaangalia, akarudi nyuma. Kisha akasema, "Mchukueni. Lakini akimng'ata mtu mwingine, ni juu yenu."

Daktari wa mifugo alimpiga sindano ya usingizi, akaitoa ile kola kipande kwa kipande. Mama Rehema alisimama nje ya uzio mpaka kazi ilipokwisha. Aliondoka akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Sasa ikawa zamu yangu. Mzee alisema Hukumu anaogopa wanaume, na mimi naogopa mbwa, kwa hiyo tutaelewana. Aliniambia nichukue kigoda, nikae nje ya banda lake, nifanye kazi zangu, nisimtazame machoni, nisimwite, nisimpe mkono. Basi nikawa nachambua choroko pale, nachambua mlenda, naimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Mwanzoni alikaa kona ya mbali akinguruma. Baadaye akaacha kunguruma. Baadaye tena akawa analala katikati ya banda. Kuna siku nilikuwa nachambua dagaa, nikasikia pumzi ya moto kwenye shingo yangu, pua imepita kwenye waya. Nilitetemeka miguu yote miwili. Lakini nilitetemeka nikiwa nimekaa, na dagaa hawakumwagika. Nikamrushia dagaa kwa mkono wa nyuma. Akala. Nikajua leo tumesalimiana.

Mkimpata mbwa aliyeteswa, msiwe na haraka naye. Na msimpige. Mbwa mkubwa ukimpiga, mambo mawili yanaweza kutokea: atavunjika moyo, na hapo hana ulinzi wowote, au atakungoja. Yote mawili nimeyaona.

Tukamjenga mwili. Dona tuliichanganya na dagaa waliosagwa, utumbo uliochemshwa, na maboga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa, inapasuka kama miiba na kutoboa utumbo. Tulimlisha asubuhi na jioni, kidogo kidogo, na akishakula tulimwacha alale kwanza. Mbwa wa kifua kipana kama huyu akila sinia zima halafu akakimbia, tumbo linajaa upepo na kujipinda, na anaweza kukufia mbele ya macho yako huku ukitafuta nauli ya daktari. Kwenye sakafu ya saruji tulimtandikia magunia, maana uzito wake ulikuwa umemchubua viwiko. Kupe tulimtoa kwa mkono, tukamwogesha dawa, tukamkagua masikioni na katikati ya vidole, ambako kupe hujificha kama wadaiwa. Na kivuli tulimjengea cha nyasi, upande upepo wetu wa Singida unakotokea.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuku. Mnajua hapa kwetu nyumba isiyo na kuku ni nyumba ya mgeni. Mbwa anayeua kuku haishi hapa, hata akimkamata mwizi kila juma. Nikawa namtembeza kwa kamba katikati ya kuku wa jirani. Akimtazama kuku kisha akageuza kichwa kunitazama mimi, anapata dagaa. Akimkazia macho kuku, tunageuka tunaondoka. Alikuwa anaelekea kuelewa, lakini aliyemalizia somo ni tetea mmoja mwenye vifaranga. Hukumu alisogeza pua kunusa kifaranga, yule tetea akamrukia usoni kwa mbawa na makucha. Mbwa mkubwa vile alirudi nyuma mpaka akakanyaga ndoo yangu. Tangu siku hiyo akiona vifaranga anazunguka njia nyingine.

Akawa mbwa mzuri. Lakini mkurugenzi wa kampuni akasema hawezi kumlisha mbwa ambaye haendi lindo, na kwenye lindo hawezi kumpeleka mbwa aliyewahi kumng'ata mtu. Alitupa muda wa kumtafutia kwa kwenda, ukiisha atamwita daktari amlaze moja kwa moja. Sikuweza kumlaumu, ndiyo biashara yake. Ila nililala vibaya siku hizo. Nilikuwa na nyumba ya kupanga yenye ua wa kuanikia nguo mbili.

Ndipo nikamkumbuka Anjelina, mtoto wa mama yangu mdogo, mjane, anayekaa pembezoni mwa Itigi. Ana mizinga kule porini na mbuzi nyumbani. Wezi walikuwa wanamjia mchana akiwa kwenye mizinga. Walishamwibia mara nyingi mpaka alikuwa anafikiria kuuza kila kitu ahamie kwa kaka yake. Nikampigia simu.

"Dada, mbwa wa kumng'ata mtu nitampeleka wapi mimi?" akasema. "Binti yangu Agnesi amekuja kujifungulia hapa."

"Njoo umwone kwanza," nikamwambia. "Ukimkataa, sitakulazimisha."

Akaja. Mzee Jumanne alimfanyia kile alichowafanyia wote wanaotaka mbwa: alimpa kiti, akamwambia akae tu. Mnapochagua mbwa, na mbwa naye anawachagua, na hilo halifanyiki mkiwa mmesimama mnaangalia saa. Anjelina alikaa, akatoa andazi lake, akala. Hukumu akamzunguka, akamnusa viatu, ambavyo nadhani vilinuka nta na mbuzi, kisha akakaa na kumwegemea mguuni kwa uzito wake wote. Kiti kikalia.

"Huyu ananiegemea kama ukuta," Anjelina akasema. Kisha akamtazama. "Anaitwa nani?"

Tukamwambia.

"Hilo jina sitaliita nyumbani kwangu. Nitamwita Karibu."

Tulimpeleka kwa pikapu, mimi nikiwa nyuma naye, vumbi limetubadilisha rangi wote wawili. Nilikaa kwa Anjelina mpaka Karibu alipozoea. Nilimfundisha Agnesi, binti yake, na siku mtoto alipozaliwa tulimnusisha Karibu nguo ya mtoto kabla hajamwona mtoto mwenyewe. Tukaweka na sharti, nanyi liwekeni: mbwa na mtoto mchanga wasiachwe peke yao hata kwa kwenda kuteka maji, hata kama mbwa ni malaika.

Siku moja baada ya kurudi mjini nikapigiwa simu. Sauti ya Anjelina inakimbia. Neno la kwanza nililolisikia ni "Karibu," la pili ni "mwizi." Nikakaa chini, nikajua amemla mtu.

Ilikuwa hivi. Anjelina alikuwa kwenye mizinga. Agnesi alikuwa ndani ananyonyesha. Vijana wawili wakaja na pikipiki, wakabisha hodi, wakaomba maji, na walipoona hakuna mwanaume wakaenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi. Agnesi akafungua dirisha akaita kwa nguvu, "Karibu! Karibu!"

Mmoja akageuka, akamjibu, "Asante, dada, tumeshafika."

Basi Karibu akatokea nyuma ya jiko. Hakubweka hata mara moja. Yule wa asante aliruka uzio wa miiba akaliacha shati pale. Wa pili hakupata njia, akapanda juu ya paa la zizi, nguzo zikawa zinalia chini yake. Karibu akalala chini ya zizi, kichwa juu ya miguu ya mbele, anamtazama. Akijaribu kushuka, mbwa ananyanyua mdomo wa juu kidogo tu, meno yaonekane, na mwizi anarudi juu.

"Dada, mwite mbwa wako!" mwizi alikuwa anapiga kelele.

"Nikimwita anakuja kwangu," Agnesi akamjibu kutoka dirishani, "halafu wewe utaondoka na mbuzi. Kaa hapo hapo."

Alikaa hapo mpaka majirani wakaja na mtendaji wa kijiji. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja, kilichojeruhiwa ni kiherehere chake tu. Anjelina alifika akamkuta Karibu bado amelala pale pale, mbuzi wanamlamba masikio. Hakuzungumza tena habari ya kuhama. Mizinga ikaongezeka, na mbuzi wakazaana mpaka akawagawia na majirani.

Mlinzi mzuri anafanya hivyo, vijana. Ukali kila mbwa anao, hata kile kibwa cha mtaani kinachofukuza baiskeli. Mnachotafuta ni mbwa anayejua lini aache. Kwa hiyo mkienda kununua, mwoneni mama wa watoto kwanza. Akiwa mwoga au anatapatapa, ondokeni, hata kama watoto ni wazuri wa kuchorwa. Akiwa mtulivu, angusheni mfuniko wa sufuria karibu na watoto. Wote watashtuka, ni haki yao. Msimchague anayeufukuza mfuniko akiuma, wala anayejificha asitoke. Chukueni yule anayeshtuka, anafikiri, kisha anarudi kunusa. Chanjo apewe, kola iangaliwe kila juma kama vidole viwili vinapita chini yake, na akiwa mdogo msimnenepeshe wala kumrusharusha, maana mifupa ya mbwa mkubwa inachelewa kukomaa.

Mwaka uliofuata Bwana Athumani alikwenda Itigi kutafuta asali, na Mama Rehema akamwambia hataondoka Itigi bila kumwona yule mbwa. Nilikuwepo. Bwana Athumani alibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mama Rehema aliingia uani polepole, akasimama, akaacha mikono ining'inie. Karibu alikuja mpaka karibu yake, akanusa ule mkono wenye kovu, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akageuka ubavu akamwegemea, na Mama Rehema akalazimika kumshika shingo ili asianguke. Shingo ile ile. Akabaki amemshika, analia na kucheka.

Mlango wa gari ukafunguka. Bwana Athumani akashuka, akasimama mbali kidogo na kofia yake mkononi. "Nilidhani mbwa mkubwa anahitaji mnyororo mkubwa," akasema. Alimwomba Anjelina maji ya kunywa, akakaa nasi mpaka jua likapoa.

Karibu amekwishakufa, kwa uzee, kwenye magunia yake. Mbwa wakubwa hawaishi sana, na hilo nalo mlijue kabla hamjaanza. Anjelina alilia kama aliyefiwa na mtu, kisha akaniuliza nitapata watoto wa mbwa lini.

Ninao sasa. Nimestaafu, lakini nina jike mmoja hapa Mwankoko, na watoto wake wanaguguna ufagio wangu wakati ninapowasimulia haya. Majuzi walikuja vijana wawili wa Utemini, mume na mke, wana duka la simu. Walitaka kuondoka na mbwa siku hiyo hiyo. Niliwauliza atalala wapi, atakula nini, nani atashinda naye, wakatazamana. Nikawapa chai, nikawarudisha mikono mitupu, na mume alinuna kidogo.

Jana wamenitumia picha. Wamejenga banda la matofali lenye paa la nyasi, beseni la maji kivulini, na uani wameweka kigoda kimoja. Chini wameandika: "Shikamoo Bibi. Tuko tayari kuja kukaa."

Nikawaandikia: "Marahaba. Njooni asubuhi, na msile njiani. Mtakula hapa, maana tutakaa sana."